Mtawa Wangu wa Dhoruba na Radi ya Ggaba

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Mkiona makosa ya herufi mnivumilie, bado sijatulia.

Mnaujua ule mchezo wetu wa dadu na hadithi. Kila mtu ana mhusika wake, msimulizi anaeleza yanayotokea, dadu inaamua kama umefaulu au umekwisha. Msimulizi wetu ni Akello. Tunacheza kwao Ggaba, kando ya Kampala, barazani, ziwa lote likiwa mbele yetu.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikibuni mhusika wangu mpya: Mtawa wa Dhoruba. Anapigana mikono mitupu, anatembea juu ya upepo, anadaka radi kwa kiganja na kumrushia adui. (Nilikosa usingizi kwa ajili yake. Mama alidhani nimepata mchumba.) Kitabu cha mchezo hakina mtu kama huyo, kwa hiyo leo ilibidi wenzangu wote wamkubali. Akikataa hata mmoja, mtawa wangu amekufa kabla hajazaliwa.

Akello akakunja uso. "Huyu ana nguvu mno. Udhaifu wake ni nini?"

"Hana! Aliyelelewa na radi ataogopa nini?"

"Na wewe unayemcheza? Huogopi?"

"Mimi na mvua ni ndugu!" (Mdomo huu, jamani.)

Basi ziwa likabadilika. Kutoka upande wa visiwani ukaja ukuta wa mvua, mweupe chini, mweusi juu, unatembea juu ya maji kama mtu mwenye safari yake. Mitumbwi ikakimbilia nchi kavu, mwaloni. Nimezaliwa Kampala, mvua naijua, lakini ile sijapata kuiona. Ilikuwa nzuri mpaka inaumiza kifua! Nikaamini kabisa kwamba mbingu zenyewe zimekuja kumtetea mtawa wangu.

Nikapanda juu ya kiti. Nikanyoosha mikono. Nikaita: "Dhoruba, mwanao niko hapa!"

Ikaitika.

Kwanza weupe, kila kitu cheupe, hata ndani ya macho niliyoyafumba. Halafu mlio. Si mlio wa masikio, mlio wa mifupa! Mabati yakalia, vikombe vikaruka, umeme ukakatika mtaa mzima.

Sikumbuki kushuka kwenye kiti. Akili iliponirudia nilikuwa chini ya meza, nimekumbatia mguu. Mguu mnene, wenye buti la mpira.

Ulikuwa wa baba yake Akello. Afande mstaafu wa polisi, mtu wa Gulu, ambaye hata akipita tu sisi hunyanyuka. Alikuwa ametoka nje ili aingize viti ndani visilowe.

Akello (hana huruma yule) akachukua dadu. "Tuone kama mtawa ameogopa." Nikaisikia ikibingirika juu ya kichwa changu.

"Ishirini!" Namba kubwa kuliko zote kwenye dadu yetu ya pande ishirini. "Mtawa hakutikisika hata ukope!"

Wenzangu walicheka hadi mmoja akaanguka. Mimi bado nimeushika mguu.

"Jambo, afande," nikasema kutoka kulekule chini.

"Jambo, kijana. Sasa wachia mguu yangu."

"Naogopa, afande."

"Hata mimi naogopa. Wewe unashika mguu yangu, mimi nitakimbia namna gani?"

Nikamwachia. Hakukimbia. Aliketi kwenye kiti kilichobaki, akavua kofia, akaliangalia ziwa. Ngurumo nyingine ikapita, akasema polepole, "Hii kitu ni kubwa, bwana." Hapo kicheko kikaisha. Tukaketi naye wote, tukatazama mvua ikimeza maji na vilima, na hakuna aliyeugusa mchezo.

Mtawa wangu amekubaliwa, kura zote. Akello amemwandikia udhaifu mmoja: radi.

Naombeni msinicheke. Na ukishindwa kujizuia, cheka taratibu, mawingu hayajaondoka.