Hotuba ya Naibu Mkuu wa Kitivo Kuhusu Kituo cha Majaribio ya Ijumaa

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, unayewakilishwa hapa na kiti chako. Mheshimiwa mwakilishi wa Meya wa mji wetu huu wa kando ya mto Danube. Waheshimiwa maprofesa, madokta, na ninyi mnaotarajia kuwa madokta tangu enzi ya serikali ile ya zamani. Dakta Tsonka Bakalova, mwalimu wa mantiki na Hisabati Diskreti. Mwandishi wa kumbukumbu, ambaye leo namwomba asisinzie (sikuwa nimesinzia, nilifumba macho tu). Na ninyi wanafunzi sitini na mmoja wa mwaka wa kwanza: itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajihesabu ametajwa.

Nasimama mbele yenu, mimi Lachezar Goshev, Naibu Mkuu wa Kitivo anayeshughulikia Maandalizi, nikitambua kwamba baada ya nusu saa, humu humu ukumbini, mtafanya jaribio la kumi na mbili na la mwisho la muhula, na kwamba baadhi yenu, bila kumtaja Bi. Mutafova wa safu ya pili, msipopata walau tatu kati ya sita mtarudia mwaka. (Vicheko. Zhivka Mutafova, ambaye karatasi zake kumi na moja zote zilirudi na alama mbili, hakuinua macho kwenye daftari.)

Ofisi yangu ilipogundua, kupitia tathmini shirikishi na mtambuka, kwamba jaribio likiwa kila Ijumaa basi Alhamisi huja siku moja kabla yake, tuliunda kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo. Nayo kamati ndogo, kwa kuenzi mila zetu, ikaelekeza kwamba kila Ijumaa asubuhi nimwage maji kwenye ngazi mbele ya miguu yenu, ili mtihani uwaendee laini kama maji. Nilimwaga. Nilimwaga hata Januari, yakaganda barafu, na shahidi wangu ni Dakta Bakalova, aliyeshuka ngazi kumi na nne bila kukanyaga hata moja. (Dakta Bakalova aliinua mkongojo wake. Makofi.)

Hata hivyo, wadau walilalamika kwamba swali la Dakta Bakalova ni lile lile, anabadilisha mnyama tu: "Kila tembo aliyemo mfukoni mwangu anaongea Kibulgaria. Kweli au uongo? Toa sababu." Na kwamba Bi. Mutafova ameandika "uongo" mara kumi na moja, kwa tembo, ngamia, twiga na wengineo.

("Mfuko ni mtupu," Zhivka alisema. "Sasa tembo ataongeaje?"

"Nitajie basi tembo wa humo aliyeshindwa kuongea," Dakta Bakalova alimjibu.

Jirani wa Zhivka akamnong'oneza: "Leo andika 'kweli' tu, dada, tukanywe kahawa."

"Bila sababu ni mbili. Na sababu siioni.")

Ndiyo maana, ndugu zangu, tukabuni Kituo cha Maandalizi Endelevu ya Majaribio ya Ijumaa, na sasa naomba mzipokee takwimu zake kwa unyenyekevu ule ule ninaozitolea: kila mwanafunzi aliyefundishwa Kituoni amepata sita. (Makofi. Nami nilipiga, kazi ni kazi.) Hakuna mkufunzi wa Kituo aliyewahi kuchelewa hata dakika moja. Kompyuta zote za Kituo ni mpya kabisa, madirisha yake yote yanatazama mto, na katika mgahawa wake hakuna banitsa, mkate wetu wa jibini, iliyowahi kutolewa ikiwa imepoa.

("Samahani, mheshimiwa," sauti ilitoka nyuma. "Kituo kiko chumba namba ngapi?")

Swali zuri sana, kijana, na limejibiwa kwa kina katika ukurasa wa tisini wa mpango mkakati, ambao unapatikana Kituoni.

(Zhivka alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, unaweza kututajia mwanafunzi mmoja aliyesoma huko?")

Kumtaja mmoja, binti yangu, ni kuwavunjia heshima wengine. Lakini nakupa changamoto, wewe na vyombo vyote vya habari: nitajieni mwanafunzi mmoja wa Kituo aliyefeli.

(Zhivka aligeuka kumtazama Dakta Bakalova. Kisha alifunga daftari.)

Kimya hicho ndicho ushahidi. Basi nikisema "Maandalizi", semeni "Daima". Maandalizi. (Daima, tulisema watatu.) Ijumaa. (Hatukuwa tumeelekezwa.) Kwa kuhitimisha, nawashukuru wakufunzi wote wa Kituo, na nawaomba wasimame tuwaone. (Hakusimama mtu.) Wanyenyekevu, kila mmoja wao. Namshukuru pia mwakilishi wa Meya, ambaye ameahidi kututafutia kiwanja, na fundi atakayechora ramani, na yeyote atakayekuja kutueleza Kituo kama hiki huwa kinafanya nini. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Dakta Bakalova aligawa karatasi. Safari hii mnyama alikuwa mbuni. Zhivka aliandika "kweli", na chini yake sababu: "Hakuna mbuni wa humo aliyeshindwa. Muulizeni Naibu Mkuu." Alimaliza wa kwanza, akapewa tano. Alipouliza kwa nini si sita, Dakta Bakalova alimwambia sita zote ni za wanafunzi wa Kituo.)