Ombi la Kutambua Bunduki ya Hesbon kama Mke Mwenza

Tongaren, Bungoma

Kwa Mzee Ravinder,
Mwenyekiti, Klabu ya Walenga Shabaha, Kitale

Bwana Mwenyekiti,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Edah, mke wa Hesbon, mwanachama wako. Tangu klabu imkubalie kununua ile bunduki ya mashindano, nimepata mwenzangu nyumbani bila hata kuulizwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitambaa changu cheupe cha kichwa, cha Chama cha Akina Mama, kimekatwakatwa vipande vidogo vya kupitisha ndani ya mtutu, ati vitambaa vingine vinaacha nyuzi. Jumapili nilienda kanisani kichwa wazi. Nililia, Bwana Mwenyekiti.

2. Anasugua komeo la bunduki kwa mswaki wangu. Wake ati ni mgumu.

3. Ufito wa kusafishia huingizwa kwa nyuma ukatokea mbele, haurudishwi. Sawa. Lakini sasa hata nikipiga deki ananisimamia, ati nianzie jikoni nitokee sebuleni, nisirudi nyuma. Na ndoo iko jikoni!

4. Mdomo wa bunduki hauguswi, ukikwaruzwa kidogo tu shabaha inaharibika. Mdomo wangu mimi ukifunguka, ninaambiwa nina kelele.

Kwa hivyo naomba klabu imtambue rasmi huyu bunduki kama mke mwenza. Njooni Jumamosi na wazee wawili mumtambulishe kwa ukoo. Apewe zamu yake ya kupalilia mahindi, kuteka maji, na kukaa na mama mkwe wetu mguu ukimuuma. Na kama yeye anapakwa mafuta kila wiki, hata mimi nipakwe. Mimi namtaka mume wangu, Bwana Mwenyekiti, sina lingine.

Nisalimie Mama Ramandeep hapo nyumbani, watoto, na wanachama wote wenye wake wanaonyamaza.

Ni mimi niliyechoka lakini mwenye adabu,
Edah Nakhumicha

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, bega lilimshika Hesbon, akaniomba nimsukumie ule ufito. Nikasukuma. Akachungulia kwenye mtutu, akasema mkono wangu umetulia kuliko wake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kusifu hata chapati zangu! Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa, tukicheka. Basi msije Jumamosi, tutakuwa na kazi. Nitumie tu fomu ya uanachama, na Hesbon asijue mpaka siku nitakayomshinda.