Mjomba wa Laki Hamsini

Ghazanfar Cheema alikuwa na macho mawili kama binadamu wengine, ila moja alilitumia kutazama watu na la pili kutazama mikono yao. Siku hiyo la mikono ndilo lililowahi kazini. Kutoka dirisha la ofisi yake, juu ya duka la mashuka karibu na Mnara wa Saa wa Faisalabad, aliuona mkono wa mama mmoja ukinyanyuka kuonyesha kibao cha ofisi hiyo. Kwenye mkono ule bangili za dhahabu zilipangana toka kifundo mpaka karibu na kiwiko.

Kibao chenyewe kilikuwa na bendera tisa, ndege moja, na picha ya kijana mwenye joho akirusha kofia hewani. Kijana huyo alikuwa mpwa wa mchora vibao na masomo yalimshinda darasa la nane, lakini joho lilimkaa vizuri. Chini yake paliandikwa: ELIMU YA NG'AMBO, MLANGO NI SISI.

"Mungu hamtupi mja wake," alinong'ona Ghazanfar. Akafunga vifungo vya koti, akakaa mkao wa kula.

Mama aliingia na binti yake. Ghazanfar alikuwa tayari ameshika mkonga wa simu, anaongea Kiingereza cha puani na mtu wa London. Simu ile haikuwa imeunganishwa popote tangu alipoinunua kwa muuza vyuma chakavu, kwa hiyo mtu wa London hakupata nafasi ya kujibu. Aliweka chini, akapangusa paji la uso.

"Wananisumbua hawa Wazungu. Kila siku, Ghazanfar tuletee vijana, Ghazanfar tuletee vijana. Karibu, dada. Karibu, mwanangu."

"Wanasemaje huko London, kaka?" mama aliuliza kwa unyenyekevu.

"Wanakusalimia."

Mama aliitwa Farkhanda, mjane, mwenye saluni ya kupamba maharusi upande wa Jhang Bazaar. Binti ni Anmol, miaka ishirini, miwani mikubwa, kimya kama aliyeacha ulimi nyumbani. Alifungua mkoba, akaweka mezani barua ya chuo kimoja cha kaskazini mwa Uingereza: amekubaliwa kusomea uhandisi wa nguo, shahada ya kwanza ya miaka mitatu.

Ghazanfar aliigeuza barua juu chini. Ilikuwa ya kweli. Muda mrefu ulikuwa umepita hajaona ya kweli, kwa sababu barua zake zilichapwa na jamaa wa kadi za harusi, na nyingine zilitoka na maua pembeni. Kidogo aone wivu.

"Barua tunayo," alisema Farkhanda. "Kinachotushinda ni benki. Ubalozi unataka kuona rupia laki hamsini zimelala kwenye akaunti ya mtoto mwezi mzima. Mimi nitazitoa wapi?"

Ghazanfar alicheka taratibu, kicheko cha daktari aliyeletewa mafua.

"Dada, wewe unapamba maharusi. Wakwe wakija kuangalia vyombo vya bibi harusi, makabati, friji, seti za vikombe, huwa vyote ni vyake?"

"Vingine vya kukodi."

"Basi! Ubalozi ni mkwe tu. Hauli hela, unataka kuziona. Mimi nitamwekea mtoto laki hamsini kwenye akaunti yake. Zitakaa mwezi, benki itatoa taarifa yenye muhuri, kisha zitarudi kwangu. Wewe unanilipa kodi ya laki mbili na nusu. Mpwa wangu anapanda ndege."

"Na wewe utaamini vipi kwamba hatutazila?"

"Mtoto atanisainia hundi. Sehemu ya kiasi aiache wazi, nitaijaza mwenyewe siku ikifika. Si kwamba siwaamini, ni utaratibu." Alishusha sauti. "Jambo moja dogo, dada. Hizo bangili uziuze, na hela yake uiweke humohumo kwenye akaunti. Wazungu wanapenda kuona na familia imejikamua."

Sasa hapo ndipo penye ujanja, na msomaji asiye mjanja tumweleze polepole. Hundi iliyoachwa wazi haijui hela za nani zinatoka. Ghazanfar alikusudia kuchota za kwake, achote na za bangili, abakishe salio la kununulia kashata. Kuhusu Anmol na uhandisi wa nguo, Mungu angempa mume mwema.

Farkhanda alizitazama bangili zake kwa muda. Marehemu mumewe ndiye aliyemvalisha. Halafu akasema, "Sawa, kaka," na Ghazanfar, tumsitiri kwa kusema kweli, hakuona aibu hata kidogo.

Kilichobaki kilikuwa mjomba.

Ubalozi ukiona laki hamsini kwenye akaunti ya binti wa mama wa saluni lazima uulize zimetoka wapi, na jibu linalokubalika duniani kote ni mjomba. Ghazanfar alikuwa na mjomba wake wa kukodi, Mzee Barkat, mpiga klarineti mstaafu wa bendi ya harusi, mwenye ndevu nyeupe za kutia imani. Alikwishakuwa mjomba wa vijana wengi kuliko idadi ya dada aliojaliwa na mamaye. Lakini safari hii Mzee Barkat alipandisha bei.

"Elfu hamsini," alisema.

"Mzee! Mwaka jana ulikuwa mjomba kwa elfu kumi na tano!"

"Mwaka jana magoti hayakuwa yakiuma. Tena wapwa wenyewe wamekuwa wengi, mwanangu. Mwingine nilikutana naye sokoni akataka nimnunulie viatu vya Idi."

"Kusaini karatasi tu, elfu hamsini? Hata mimi naweza kuwa mjomba!"

"Kuwa," alisema mzee, akaendelea na chai yake.

Na Ghazanfar, mtu aliyewatoa watu malaki bila kupepesa macho, akashindwa kutoa elfu hamsini. Ubahili una wenyewe. Kesho yake alisimama pamoja na Farkhanda mbele ya mwanasheria mwenye meza yake chini ya mwavuli nje ya mahakama, na kitambulisho chake mkononi, akaapa kwa jina lake kamili kwamba yeye ni ndugu wa Farkhanda na kwamba fedha hizi anampa mpwa wake kwa ajili ya masomo.

"Niandike ni mkopo?" mwanasheria aliuliza.

"Mkopo tena? Unataka wamnyime viza?" Ghazanfar alimgeukia Farkhanda kwa fahari ya mtaalamu. "Andika zawadi. Ya mapenzi. Isiyorudishwa."

"Kaka, wewe unajua mambo," alisema Farkhanda.

Hizo laki hamsini ndizo zilikuwa hela zake zote. Alizichuma kwa akina baba waliouza nyati wa kufugwa, trekta na mashamba, na alikwisha kuziahidi kwa kiwanja cha kona kwenye mji mpya unaojengwa nje ya jiji, kiwanja kinachotazama bustani. Bustani ilikuwa bado kwenye mchoro, lakini Ghazanfar alishachagua na rangi ya geti. Mwezi ukiisha atalipia, na bangili za Farkhanda zitasimamisha ukuta.

Hela ziliingia akaunti ya Anmol, hundi aliyoisaini ikaingia mfukoni mwa Ghazanfar, na mwezi wenyewe ulikuwa mtamu ajabu. Farkhanda alimletea ofisini bakuli za wali wa maziwa, kila bakuli na pistachio juu. Kinyozi alimkaribisha kwa kumpangusia kiti. "Nasikia unamsomesha mtoto wa dada yako Uingereza. Wanaume kama wewe wamekwisha!"

Ghazanfar angeweza kukana. Akajitazama kwenye kioo, akaona uso wa mwanamume wa aina iliyokwisha, akaupenda. "Ni wajibu tu, bwana," alisema. "Mtoto hana baba."

Habari zikavuka barabara. Muuza mashuka wa chini akampunguzia kodi ya pango. Imamu alimtaja baada ya sala ya Ijumaa, bila kumtaja jina lakini huku akimtazama. Wateja wapya walipanda ngazi: mtu anayemsomesha mpwa wake kwa laki hamsini atatudhulumu sisi? Ghazanfar aliitikia pongezi zote akiwa ameinamisha kichwa, na kila aliyeuliza alimthibitishia kwa kinywa chake mwenyewe. Ndiyo, mpwa wangu. Ndiyo, zawadi.

Taarifa ya benki ilipotolewa, kesho yake aliwahi dirishani asubuhi na mapema, hundi mfukoni, kiasi kimejazwa mpaka senti. Karani aliichukua, akagonga kompyuta, akairudisha.

"Hundi hii haifanyi kazi, bwana. Mwenye akaunti ametoa taarifa kwamba kitabu chake cha hundi kimepotea. Tumekifuta chote."

Ghazanfar aliisukuma hundi tena dirishani. "Kimepotea wapi? Na hela?"

"Siruhusiwi kusema. Wewe ni nani wake?"

"Mjomba wake!"

Uso wa karani ulichanua. Akasimama, akapitisha mkono kwenye dirisha kumpa.

"Wewe ndiye mjomba! Jana, taarifa ilipotoka tu, tumemtumia ada chuoni, zote laki hamsini; nauli na viza akasema mama atazilipa kwa bangili zake. Meneja alisoma kiapo chako kwa sauti mbele yetu sote. Alitoa kitambaa akafuta machozi, bwana, na yule si mtu wa machozi."

Ghazanfar naye alikuwa na machozi, lakini hakuyatoa hapo. Alidaka bajaji mpaka Jhang Bazaar, na njia nzima alipanga maneno atakayomwambia yule mwanamke. Yalikuwa maneno makali na mengi yasingefaa kuchapwa.

Hakupata kuyasema. Uchochoro wote ulikuwa umefungwa turubai la rangi. Masufuria ya wali wa manjano wenye zabibu yalifuka mvuke, wanawake walikuwa upande mmoja, wanaume upande mwingine, na alipotokeza tu ngoma ikalia. Mtu akamvika shada la waridi, mwingine shada la noti mpya za rupia kumi kumi. Kinyozi akamtia ladu nzima, donge la unga na sukari, mdomoni kabla hajafunua kinywa kulalamika.

"Kaka yangu!" Farkhanda alikuja mikono wazi, akamkumbatia mbele ya watu.

"Mwizi wa kike," Ghazanfar alimnong'oneza sikioni, ladu ikiwa bado mdomoni.

"Tabasamu, wanapiga picha." Naye alikuwa anatabasamu meno yote nje. "Hela zako zipo salama, zimeshaingia chuo."

"Nakwenda polisi sasa hivi."

"Usihangaike kwenda. Mkuu wa kituo ni yule pale, anakula wali. Mkewe nilimpamba mimi. Twende ukamwambie kwamba uliapa uongo, kwamba si mjomba, kwamba unakodisha hela za kudanganya ubalozi. Nikushike mkono?"

Mkuu wa kituo, mtu wa masharubu, alimpungia kijiko.

Ghazanfar alimeza ladu. "Nimekukosea nini mimi, dada? Miji yote, ofisi zote, ukaja kwangu?"

Tabasamu la Farkhanda lilibaki mahali pake, ila sauti ilibadilika. "Mwezi wa tatu nilikuwa na bibi harusi kwenye kiti changu. Alilia mpaka wanja ukafika shingoni, nikampaka upya mara mbili. Baba yake aliuza shamba kumpeleka kaka yake ng'ambo. Kijana alifika uwanja wa ndege na barua yenye maua pembeni. Walimcheka, wakamrudisha. Yeye akaozwa mwanamume aliyemzidi baba yake umri, kwa sababu hapakubaki kitu cha kununulia vyombo vya harusi. Nilimuuliza ofisi gani. Akasema, yenye bendera tisa."

Mimi niliyemfuata Ghazanfar tangu mwanzo siwezi kusema nilimhurumia.

"Basi nirudishie hata nusu," alisema Ghazanfar, na sauti ilikuwa ya mtu mdogo. "Nilikuwa nanunua kiwanja. Cha kona."

"Chagua, kaka. Ukitoka hapa ni mjomba au ni mfungwa. Wote hawa watakuwa mashahidi, kwa lolote utakalochagua."

Imamu alikuwa tayari ameinua mikono kumwombea. Watu wote wa Jhang Bazaar walimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kutazamwa nayo maishani, nayo, ajabu ya Mungu, yalimpendeza hata katika dakika ile ya kuchinjwa.

"Ndugu zangu," alisema, na kilio kikamshinda njiani. Alilia kweli, mabega yakitikisika, akililia kona yake, bustani yake na geti lake. Wanawake upande wa pili wakaanza kulia pamoja naye. Mkuu wa kituo aliweka sahani chini. "Mjomba ni mama," alisema mzee mmoja, na wengi wakaitikia kwa vichwa.

Hapo Anmol akatoka kwa wanawake. Binti ambaye hakuwa ametamka neno mbele yake tangu siku ya kwanza alimwinamia kwa heshima, akasubiri awekewe mkono kichwani kama mjomba anavyombariki mpwa anayesafiri. Ghazanfar aliuweka.

"Asante kwa mwaka wa kwanza, mjomba," alisema Anmol. "Imebaki miwili."