Kibali cha Kumlilia Mbwa

Kwa furaha kubwa, na kwa kuzingatia maslahi mapana ya umma, Manispaa ya Manjapuzha iliutangazia mji mzima kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeruhusiwa kulia ndani ya jengo la sinema bila kibali. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa soko la samaki, kwenye kituo cha basi, na mara mbili kwenye ukuta wa choo cha umma, maana huko ndiko watu hupata wasaa wa kusoma.

Lilikuwa tangazo la busara. Mgeni angeweza kulishangaa, lakini mgeni hakuwa ameona hali ilivyokuwa.

Wiki tatu kabla ya hapo, ukumbi wa sinema wa Chandrika ulileta filamu ya mzee mmoja, mpeleka barua mstaafu, aliyefiwa na mbwa wake. Humo hakuna anayepigana. Hakuna anayecheza ngoma juu ya mlima. Mzee anazunguka tu mjini kila asubuhi ameshika kamba isiyo na mbwa, watu wanamwamkia, halafu wanainama na kuiamkia kamba. Katikati ya filamu anapika wali, anaumimina kwenye sahani ya mbwa kwa mazoea, anaita, kisha anakumbuka. Basi anakaa sakafuni na kuula mwenyewe. Hapo ukumbi mzima kwanza hucheka, kwa sababu mzee anaunusa kabla ya kuula. Halafu kicheko kinakwama kooni, na kinachofuata baada ya hapo ni aibu kukisimulia.

Madereva wa basi walilia mpaka wakapitiliza vituo. Thankamma, muuza samaki aliyewafukuza mbwa kwa kisu cha kuparia magamba miaka thelathini, alitoka onyesho la alasiri akawagawia dagaa nusu kapu huku akiwaomba radhi mmoja mmoja. Kisha likaja lile lililoiumiza Manispaa: watu walianza kurudi nyumbani na mbwa. Ndani ya siku kumi na nne, mbwa wote wa mitaani walikuwa wamechukuliwa, wameogeshwa, na wamepewa majina ya wajomba waliokwisha kufariki.

Na Manispaa ilikuwa imekwisha kununua gari la kukamatia mbwa. Gari jipya la bluu, kizimba nyuma, kipaza sauti juu. Mwenyekiti wa Manispaa, Mheshimiwa Purushothaman, alikuwa ameahidi kulizindua mbele ya waandishi wa habari kwa kumkamata mbwa wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Gari lilizunguka siku mbili. Halikupata hata kiroboto.

"Tatizo si mbwa," Mwenyekiti aliwaeleza wajumbe katika kikao cha dharura. "Mbwa hawapo. Tatizo ni machozi. Tukiziba machozi, mbwa watarudi barabarani, nasi tutawaondoa. Huo ndio utawala bora."

Wajumbe wakapiga makofi.

Kazi ya kuziba machozi alipewa Sadanandan, karani wa idara ya leseni, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye hajawahi kupoteza faili wala kalamu. Alipewa cheo cha Afisa Msimamizi wa Hisia za Watazamaji, pamoja na tochi, filimbi na daftari. Alijifungia ofisini siku nzima, akatoka na fomu ya kurasa nne. Daraja la Kwanza: macho kulowa. Daraja la Pili: machozi kufika shavuni. Daraja la Tatu: kulia kwa sauti, ikiwemo kupenga kamasi. Mwombaji aliambatanisha picha mbili ndogo akiwa analia, ili afisa aweze kumtambua. Mpiga picha wa karibu na benki akanunua gunia zima la vitunguu.

"Baba Remya, kumbe umepanda cheo," mkewe, Omana, alimwambia wakati wa chakula.

"Nimepanda."

"Na mimi ninayelia humu jikoni nikimenya vitunguu, nijaze fomu?"

"Jikoni si jengo la sinema. Soma kifungu cha pili."

"Hiyo filamu yenyewe umeiona?"

Sadanandan aliweka chini tonge lake. Swali lilimshangaza. "Afisa haangalii filamu," alisema. "Afisa anaangalia watazamaji."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu alasiri alisimama chini ya kitambaa cha sinema, mgongo kwa mzee na uso kwa watu, tochi mkononi. Alichokijua kuhusu ile filamu alikisoma kwenye nyuso mia mbili na arobaini. Zilipofika kwenye wali alijua ni wali, akapuliza filimbi.

"Dada Thankamma! Safu ya nne! Kibali chako ni Daraja la Pili. Hiyo ni sauti."

"Hii si sauti, Sadanandan. Hii ni pumzi."

"Pumzi haina 'uuu-wi'."

"Yangu inayo! Mapafu haya ulininunulia wewe?"

"Bwana afisa, inama basi," akapaza mtu wa nyuma. "Kichwa chako kimemmeza mzee wetu!"

Dereva wa bajaji akanyoosha mkono kwa heshima. "Samahani, mimi sina kibali kabisa. Naruhusiwa kufanya nini?"

Sadanandan akafungua kanuni, akamulika tochi. "Unaruhusiwa kusikitika kwa ndani."

"Kwa ndani mpaka wapi?"

"Mpaka hapa kifuani. Kikipanda kikafika kooni, toka nje."

Dereva alitoka nje mara tatu.

Kanuni zilikuwa kamilifu, isipokuwa zilitaja jengo la sinema tu. Jumatano watazamaji walitulia tuli. Walikaa mishipa ya shingo imewatoka, midomo wameibana, wengine wameshikana mikono na watu wasiowajua. Filamu ilipokwisha walitoka kwa utaratibu, wakavuka barabara, wakaingia uwanja wa Manispaa, wakasimama chini ya dirisha la Mwenyekiti. Hapo wakaachia.

Mwenyekiti alijimwagia chai kwenye shuka jeupe alilojifunga kiunoni. "Nani amekufa?"

"Mbwa, Mheshimiwa," alijibu Sadanandan, aliyekuwa amewafuata na daftari lake.

"Mbwa yupi?"

"Wa kwenye filamu."

"Sasa mbona wanamlilia kwangu?"

"Kwako hapahitaji kibali, Mheshimiwa."

Alhamisi walirudi, na waandishi wa habari wakaja. Ijumaa gazeti la mkoa lilitoa picha ukurasa wa mbele: umati unaomboleza, dirisha la Mwenyekiti juu yake, na maandishi makubwa: WANANCHI WAMLILIA PURUSHOTHAMAN. Kabla ya saa sita mashada manane ya maua yalikuwa yamefika. Makao makuu ya chama yalituma salamu za rambirambi na kuulizia nani atajaza nafasi.

Hata mama yake Mwenyekiti, Mama Kalyani, alimpigia simu ofisini.

"Watu wananipa pole tangu asubuhi," alisema.

"Mama, umewajibuje?"

"Nimewaambia hujafa. Uko hivyo hivyo tu."

Mwenyekiti akaona hapa panahitajika uongozi. Alitangaza kwamba Jumamosi yeye mwenyewe ataitazama filamu hiyo mbele ya waandishi, kwa macho makavu, ili umma ujionee kwamba mbwa ni mbwa. Hakujaza fomu. Mtu anayekwenda kutolia anaomba kibali cha nini?

Jumamosi alasiri Chandrika haikuwa na pa kutia unyayo. Mwenyekiti alikaa safu ya mbele, shada la maua shingoni, umbali wa hatua mbili kutoka kwa Sadanandan. Kwa saa nzima uso wake ulikuwa kama mlango wa benki siku ya sikukuu. Alipiga miayo mara mbili akiwa amegeukia kamera. Mzee alizungusha kamba yake mjini, na Mwenyekiti akaangalia saa.

Kisha nyuso zikafika kwenye wali. Sadanandan alikiona kicheko kikipita kutoka safu ya mwisho hadi ya kwanza, kikageuka, kikaanza kurudi kikiwa kitu kingine. Akamwangalia Mwenyekiti. Kilianza kidevu. Kilitetemeka kidogo, kikatulia, kikatetemeka tena. Halafu ikatoka sauti kama ya baiskeli inayoburutwa kwenye ngazi.

Filimbi ilikuwa tayari mdomoni, kwa mazoea. Sadanandan aliiacha hapo bila kuipuliza. Alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni. Lakini wiki ile ile alikuwa amewatoa nje wajane wawili, mwalimu wa hesabu, na bwana harusi. Alifumba macho, akapuliza.

"Samahani, Mheshimiwa. Kibali?"

Vichwa vyote viligeukia safu ya mbele. Hata mzee wa kwenye filamu alionekana kutafuna polepole.

"Sadanandan," Mwenyekiti alisema kwa shida, "unajua unaongea na nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Na hiyo ni Daraja la Tatu."

"Hizo kanuni nimezisaini mimi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kifungu cha tisa ulikiongeza kwa mkono wako. 'Bila kujali cheo cha mliaji.'"

Mwenyekiti alifungua mdomo kujibu, ikatoka ile baiskeli tena, safari hii ikiwa na kengele.

"Jamani, mwacheni!" Thankamma alikuwa amesimama, anapunga karatasi. "Mimi jana nimepandishwa Daraja la Tatu, kibali cha familia nzima. Mwandike yeye. Mimi ni shangazi yake."

"Dada, fomu ya undugu ina kurasa mbili."

"Si uzijaze! Mikono umepewa ya nini?"

Sadanandan akapiga magoti pale sakafuni, akazijaza kwa mwanga wa tochi. Alipofika penye jina la mliliwa, aliuliza kama kanuni inavyotaka: "Mheshimiwa, unamlilia mbwa wa kwenye filamu, au mwingine?"

"Appu," alisema Mwenyekiti.

Likatoka lote, mbele ya kamera zote. Appu alikuwa mbwa wa mama yake. Mwaka jana waziri alikuja nyumbani kwa Mwenyekiti kula chakula cha mchana, na Appu akambwekea kuanzia supu mpaka maji ya kunawa. Kesho yake Mwenyekiti alimpakia Appu garini, akamvusha daraja, akamwacha kando ya barabara. Kwa mama yake alisema mbwa ametoroka.

"Mpaka leo mama haruhusu geti lifungwe," alisema Mwenyekiti, anapenga kamasi kwa kutumia shada la maua. "Anasema labda atarudi na akute limefungwa."

Thankamma aliikunja karatasi yake. "Ningejua ni hivyo," alisema, "nisingekuwa shangazi yako." Lakini alimpa upindo wa sari yake, na harufu ya samaki pamoja nao.

Gari la bluu lilikuwa limeegeshwa nje. Mwenyekiti alitoka mbiombio, akapanda mbele, Sadanandan akapanda naye kwa sababu kibali kilikuwa hakijapigwa muhuri. Walivuka daraja. Mwenyekiti akashika kipaza sauti.

"Appu! Appu, rudi nyumbani! Ni mimi! Nilikosa!"

Mtaa mzima ukasikia gari la kukamatia mbwa likimwita mbwa kwa jina, tena kwa sauti ya kilio. Milango ikafungwa pwa, pwa, pwa. "Msifungue!" mwanamke mmoja aliwaonya jirani zake kutoka dirishani. "Ni mbinu mpya!"

Walimkuta kwa kinyozi. Alikuwa amelala chini ya kiti cha wateja, mweupe mwenye sikio moja la kahawia, mnene kuliko mwaka jana. Kinyozi, Ummer, alikuwa akinoa wembe.

"Huyu ni Appu," alisema Mwenyekiti.

"Huyu ni Sultani," alisema Ummer. "Ana chanjo, na ana wateja wake. Kuna mzee hanyolewi mpaka Sultani awepo."

"Ni mbwa wa mama yangu, ndugu yangu. Nakuomba."

"Una maandishi?"

"Maandishi gani?"

Ummer aliupima wembe kwa kidole gumba. "Mheshimiwa, nilikuja kwako miezi saba mfululizo kuomba kutundika kibao cha duka. Uliniambia hakuna kinachotoka bila maombi ya maandishi. Na mimi nimeelimika."

Mwenyekiti alimgeukia Sadanandan. Sadanandan, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, hakuona kasoro yoyote katika hoja ile. Alimpa kalamu.

Mwenyekiti aliandika amekaa kwenye benchi la wateja, karatasi juu ya goti. Penye sababu ya kuomba aliandika "kwa kuzingatia maslahi mapana ya umma", akakaa, akafuta. Akaandika tena. Sadanandan hakutaka kusoma, lakini alikuwa karibu, na maneno yalikuwa machache: *Nilimdanganya mama. Geti liko wazi.* Sadanandan aligeuka haraka akautazama ukuta, akasikitika kwa ndani, na kile kitu kilipomfika kooni akatoka nje mwenyewe bila kuambiwa.

Ummer alilisoma lile ombi mara mbili, akalikunja, akaliweka kwenye droo ya nyembe.

"Rudi Jumanne," alisema.

"Jumanne!"

"Leo Sultani amelala. Halafu lazima lipitie kwa mke wangu."

Jumanne Mwenyekiti alifika kabla duka halijafunguliwa, ameongozana na Mama Kalyani. Hata hivyo walikuwepo watu wanne mbele yao, na hakuna aliyempisha. Alikaa benchini, wa tano, akasogea kila mmoja alipoitwa. Ilipofika zamu yake, Ummer alifungua pazia la nyuma, mbwa akatoka akijinyoosha, na kwa Mama Kalyani hakukuwa na la kuuliza: alimrukia mpaka miwani ikaanguka. Mama alicheka, akalia, wala hakuonyesha kibali chochote.

Mwenyekiti alipiga goti, akanyoosha mkono wake. Mbwa akamsogelea, akaunusa mkono kidole kwa kidole, taratibu, akarudia kuunusa tangu mwanzo. Kisha akageuka, akaenda kulala miguuni kwa mama.

"Mama," alisema Mwenyekiti, mkono bado uko hewani, "hanitaki?"

"Usimharakishe," alisema Mama Kalyani. "Ombi lako linashughulikiwa."