Sufuria Nililolipima kwa Sumaku

Ndugu zangu wa bweni, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Nguo zenyewe nilikuwa nazo. Suti ya kijivu, ile mnayoijua.)

Mnanifahamu, mimi si mtu wa kubahatisha. Nilitoka Mkolani na sanduku la mbao, nikarudi na diploma ya usindikaji wa vyakula kutoka Chekoslovakia. Nchi yenyewe imeshagawanyika mbili. Diploma yangu bado ni moja, na iko ukutani kwenye fremu. Yote hayo kwa jasho langu mwenyewe. (Na la shangazi Minza, aliyenilipia ada kwa kupika pombe ya mtama. Lakini mtihani nilifanya mimi!)

Sasa kwa kuwa siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu, niliamua kupika bia. Siyo ya mtama. Bia ya shayiri, ya njano, yenye povu. Kimea na hopsi, yale maua machungu ya kutilia bia, nilivibeba mwenyewe kwenye begi kutoka Ulaya, vya kutosha kupika mara moja. Mara moja tu. Na Mzee Masanja, baba yake Kabula wangu, alishatamka: "Binti yangu simpi mtu mwenye karatasi. Nionyeshe kazi ya mikono." Nikamwalika aje leo saa nane mchana, aione. Kilichokosekana ni sufuria.

Asubuhi nikaenda soko la Kirumba na shangazi. Nilimchukua anisaidie kubeba. (Yeye alidhani nimemchukua anisaidie kuchagua.)

Masufuria ya alumini nikayakataa: membamba, kimea kitaungua. La bati lenye rangi ya maua nikalikataa: limebanduka, litapata kutu. Kisha nikaliona. Stenlesi! Lita arobaini, zito, linang'aa, mitumba. Nikatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaligusisha. Haikunata. Watu wakaanza kujaa.

"Mnaona?" nikawaambia. "Stenlesi halisi hainasi sumaku."

"Bosi ni mtaalamu," akasema muuzaji. "Hili limetoka hotelini. Lilikuwa la chai."

Shangazi akaingiza kichwa ndani, akanusa. Akatoka amekunja uso.

"Likiwa baridi halisemi kitu," akasema. "Tuliazimie moto pale kwa mama chapati. Maji kidogo, tufunike, tunuse mfuniko. Ndivyo tunavyochagua."

Ndugu zangu, niinamie mvuke katikati ya soko, na suti hii?

"Shangazi, stenlesi haishiki harufu. Nimesoma."

"Umesoma, baba. Kubeba je?"

Nikalibeba mwenyewe, shangazi akinifuata.

Nyumbani nikaliosha mara tatu kwa sabuni na maji ya bomba. Ya baridi. (Kumbukeni hapo.) Nikaloweka kimea ndani ya ndoo ya maji ya moto kwa saa nzima, nikachuja, nikayamimina maji yake matamu kwenye sufuria jikoni yachemke. Saa nane kasoro Mzee Masanja akaingia na fimbo yake, Kabula nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iko wapi hiyo kazi?"

Nikafunua sufuria. Harufu ikapanda, tamu, nzito. Mzee akafumba macho.

"Kama mkate wa moto," akasema taratibu.

Jamani! Kabula akanikonyeza. Nikaanza kuhesabu washenga kichwani. Nikatia hopsi, nikatoa hotuba ndogo kuhusu povu: kwamba bia isiyo na povu ni mkojo wa punda. Na povu likaitika. Likapanda, jeupe, zito, hadi kwenye ukingo wa sufuria, pale stenlesi ilipokunjwa.

Likagusa ukingo. Likafa.

Lilizimika kama taa. Juu ya bia yangu yakatokea macho ya mafuta, moja, mawili, kumi, manjano, yakaungana. Kisha ikaja harufu.

Paka wa jirani akaruka ukuta. Akaja na mwenzake. Korongo wawili wakatua juu ya bati la choo, wakasimama kama wageni waalikwa. Halafu mlangoni:

"Hodi! Nasikia kuna supu ya sangara. Mnauza bakuli?" Ni Mama Shija wa nyumba ya pili. Bakuli analo mkononi.

Shangazi akachokoa ukingo kwa kijiti cha kiberiti. Kikatoka kimelowa, kinadondosha.

"Mafuta ya sangara," akasema. "Hili lilikuwa la kuyeyushia mafuta kule mwaloni wanakoshusha samaki. Yamejificha humu kwenye mkunjo, yalikuwa yanasubiri moto."

Nikaona niokoe heshima. "Kisayansi, mzee, mafuta kidogo tu yanatosha kuua povu. Na mikunjo ya chombo ndipo uchafu unapojificha."

Mzee Masanja akanitazama. "Hilo ulikuwa unalijua?"

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Lilitoka kwenye mtihani wa mwisho." Nikanyoosha tai. "Nilipata alama zote."

Paka walikuwa wanalia. Kisha Kabula akapasuka kwa kicheko, akashika ukuta, akateleza mpaka chini. Mama Shija akafuata bila kujua anacheka nini. Mzee akaomba kijiko, akaonja, akakohoa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabega yakimtikisika.

"Kijana," akasema akifuta machozi, "bia hii inaliwa na ugali?"

Nilitamani ardhi inimeze, na suti yangu.

"Sikia," akaendelea. "Jumatatu unaanza kazi kwa shangazi yako. Utachanja kuni, utachuja, utanusa. Siku utakayonipikia mtungi mmoja wa mtama nikaumaliza, ndiyo siku ya kuleta washenga."

"Sufuria nitamwazima langu," akasema shangazi, akinipangusa tope la shayiri kwenye tai. "Na aproni pia. Suti utaiacha kwako, baba."

Kwa hiyo mimi ni mwanafunzi tena, mwaka wa kwanza, Mkolani. Nawaombeni msicheke. Kabula anacheka kwa niaba yenu wote, na hajapumzika tangu saa tisa.