Sauti ya Marehemu Hermogenes

Ludovico Tayag alikuwa kwenye foleni ya bibingka, zile keki za mchele za moto, pale mtaani Jaro aliposikia bibi mmoja akilalamika kwamba sauti ya marehemu mumewe imezama ndani ya kanda ya kwaya na hakuna wa kuiopoa. Alinusa pesa. Waimbaji arobaini, kanda ya mwaka themanini na nane: nani angebisha?

"Lola, bibi yangu, mbona hilo dogo!" alidakia. "Nina programu ya kompyuta. Inachambua kwaya kama unavyochambua mchele. Soprano huku, besi kule. Nitakutolea mumeo peke yake."

"Hata Hermogenes wangu, mjukuu wangu? Alisimama na mabesi."

"Hata kikohozi chake utakisikia."

Lola Salvacion akampa kanda pamoja na nusu ya malipo. Tumtendee haki Ludovico: kompyuta alikuwa nayo. Programu ndiyo hakuwa nayo. Alijifungia chumbani, akaukariri wimbo, akaimba besi mwenyewe, akanyunyizia mikwaruzo ya kanda kuukuu, na kwa kuwa alikuwa mwadilifu katika kazi yake, akaongeza kikohozi.

Jumapili alikuta sebuleni kwa Lola wanakwaya sita, mmojawao sajini wa polisi, na wote akawaona wateja. Akabonyeza. Besi nene, tamu, ikajaa nyumba nzima. Lola akabubujikwa na machozi.

"Ndiye?" Ludovico aliuliza kwa upole.

"Hermogenes alikuwa haimbi, mjukuu wangu. Padri alimwambia afumbue mdomo tu, sauti asithubutu kuitoa. Miaka ishirini na sita! Kwaya nzima inajua."

Ludovico akautazama mlango. Sajini alikuwa ameshauegemea.

"Basi programu imeokota mtu mwingine..."

"Imekuokota wewe," Lola akamkata. "Mabesi wetu wote wamekwenda kutafuta kazi ng'ambo, na mashindano ni mwezi ujao. Wiki ya tatu hii nalalamika kwenye foleni. Kila tapeli anayetaka kunidanganya lazima aimbe besi. Watatu wa kwanza, sauti za mbuzi! Wewe umeniliza."

"Kituoni au mazoezini?" sajini aliuliza.

"Mazoezini, bosi."

"Ile nusu ya malipo irudishe," Lola alisema, "tukushonee sare."

Ludovico, aliyewahi kuuza kaburi moja kwa familia mbili, alitoa noti huku mama mmoja akimpima mabega kwa tepu. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kuisifu sauti yake, na aibu iliyoje, aliona raha.

"Usijikunje," yule mama alimkaripia. "Pumua kwa tumbo."