Zinki, Buluu na Sikio la Kulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata dawa! Mlio huu wa masikioni, miaka sita sasa unapiga kama birika lililosahauliwa jikoni, mwisho wake umefika. Nimesoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungia sabuni. Kinasema watafiti waliwapa madini ya zinki watu walioharibiwa masikio na kelele za kazini, na matokeo yake... Hapo karatasi imechanika. Haidhuru. Matokeo nimeyamalizia mwenyewe.

Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye mitambo ya kufuma, kiwanda cha nguo. Kama kelele iliwahi kumharibu mtu, ni mimi.

Nimenunua kichupa cha vidonge sitini. Nimekificha ndani ya kiatu changu cha harusi, cha kulia. Mwenzangu asijue mpaka nipone.

Haraka ni ya nini? Binti yetu anamtaka mama yake akakae kwake miezi mitatu, apumzike. Mwenzangu amekubali. Anaondoka Jumapili. Hakuniambia yeye, nimeambiwa na shemeji, kaka yake, jirani yetu, ambaye husikia kila kitu. Sikuuliza sababu. Naijua. Anaongea, siitiki. Nani anataka kuzeeka na ukuta?

Nina siku sita.

Jumanne, tarehe 4

Maelezo ya kichupa yanasema kidonge kimoja kwa siku, baada ya chakula. Hayo ni ya watu wenye nafasi. Nimemeza vitatu kabla ya chai. Haraka haraka haina baraka! Kufika saa tatu nilikuwa nimeinamia ndoo ya kufulia, natapika, na shemeji ameketi kwenye kiti changu, anatazama.

Huyu shemeji naye alikuwa kiwandani, lakini karani wa bohari. Bohari! Kimya kiasi kwamba panya akipiga miayo unamsikia. Ndiyo maana masikio yake ni mazima. Akiwa barazani husema maji yamechemka jikoni, na ukienda kutazama, yamechemka. Inaudhi sana.

Mchana mtaa mzima ulikuwa unaniuliza mimba ina miezi mingapi.

Baada ya chakula nimemeza kimoja zaidi, kwa adabu. Kisha nikajaribu kusikiliza. Mwenzangu alikuwa anachambua mchele mezani, midomo inatembea. Zamani alikuwa anaimba akichambua mchele. Sijui kama bado anaimba, au anahesabu mawe, au ananisema. Nikatikisa kichwa kwa furaha, endapo ni wimbo. Akanitazama kwa huzuni.

Jumatano, tarehe 5

Wizi! Nimemeza vinne. Vilipaswa kubaki hamsini na sita. Vipo hamsini na vinne!

Mwizi namjua. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu anakunywa chai yangu kila siku. Sasa ndiyo naelewa shemeji anavyosikia vile: anakula zinki yangu! (Baadaye nimekumbuka kwamba alikuwa anasikia hivyo hivyo kabla sijainunua. Hilo halikunibadilisha mawazo.)

Nimetega. Nimekoroga buluu ya kufulia na mafuta ya kujipaka, nikaipaka chini ya kifuniko. Kiwandani rangi ikishika vidole, hata ufiche mikono mifukoni, kesho utajulikana tu.

Jumapili inakuja na sikio bado linapiga.

Alhamisi, tarehe 6

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeamka, nimemeza kidonge changu, nimekuna sikio, nimekuna pua, nimekwenda kliniki ya masikio.

Muuguzi aliuliza kwanza kama ninafanya kazi ya kupaka rangi. Halafu akanifungia kwenye chumba kidogo, vipokea sauti masikioni, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Mlio mimi ninao muda wote! Nikabonyeza mfululizo. Akaja akaniomba kwa upole nianze upya.

Majibu: masikio yote mawili yameumia, la kulia ndilo bovu zaidi, maana mtambo wangu ulikuwa kulia. Nikamgusia zinki. Akasema kama mwili umepungukiwa nayo ni habari nyingine, lakini haijathibitika kwamba inaondoa mlio wa namna hii, na ikizidi ina madhara. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havirudi. Akashauri redio ya sauti ya chini ili mlio upate mwenzake, akataja na kifaa cha kusaidia kusikia. Akamalizia kwamba anayezungumza nami akae kushoto kwangu.

Yaani nimepanga foleni asubuhi nzima nije kupangiwa viti! Nimeshukuru, nimeondoka.

Ijumaa, tarehe 7

Leo nimemkagua shemeji. Alipoingia nilimpokea kwa mikono miwili, nikaigeuza viganja juu, nikatazama kucha moja moja. Safi kabisa! Huyu mtu ni hodari, ameinawa.

Yeye akadhani ni salamu. Akasema miaka yote hii sijawahi kumsalimu vizuri namna hiyo, akalengwa na machozi. Akalitazama sikio langu la buluu, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikajiandaa kumjibu. Lakini akasogea karibu, akaniambia taratibu, midomo wazi nipate kuisoma:

"Mimi nasikia kila kitu, shemeji. Dada analia jikoni."

Nilikwenda. Alikuwa amenipa mgongo, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nikasimama kushoto kwake, mahali pangu pa siku zote. Nikasema, "Usiende."

Hakugeuka. Hata bega halikutikisika. Nimesimama pale mpaka maji ya bomba yakafungwa, kisha nimetoka. Nimekataliwa. Sina la kuandika zaidi.

Jumamosi, tarehe 8

Asubuhi sanduku lilikuwa wazi kitandani. Mwenzangu alikuwa anakunja mashuka meupe, na kila shuka lina alama tano za buluu.

Niliutazama mkono wake. Akautazama yeye pia. Akakaa kitandani.

Ni yeye! Sikio lake la kushoto linalia miaka minne sasa, anasema kama mbu asiyetua. Naye alikuwa kwenye mitambo, ujia mmoja na mimi, ila mtambo wake ulikuwa kushoto kwake. Aliniona nikificha kichupa, akasoma maelezo, akawa anakula kimoja kwa siku, baada ya chakula. Hakutapika hata mara moja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Ilibidi niulize mara mbili.

"Ningekuambia vipi, mume wangu? Nakusemesha, huitiki. Nikadhani umenichoka."

Mimi nilidhani amenuna! Nikamwambia jana jikoni nilimwomba asiende. Akasema hakusikia neno.

Kisha akavuta ndewe ya sikio lake mara mbili. Kwenye mitambo hakuna aliyemsikia mwenziwe, tulizungumza kwa mikono. Ngumi kifuani, chai. Vidole viwili begani, msimamizi anakuja. Kuvuta ndewe mara mbili: nisubiri getini. Hivyo ndivyo tulivyochumbiana, bila sauti, miezi minane.

Halafu akanishika bega akanihamishia upande wake wa kulia. Basi! Miaka yote tumetembea, tumekula, tumelala mimi nikiwa kushoto kwake. Sikio bovu limeelekezwa sikio bovu!

"Haya," akasema, "jana ulisemaje?"

Nilisikia. Kila neno.

"Usiende."

Akafunga sanduku, tupu. Mashuka tumeyarudisha kwenye ndoo.

Jumapili, tarehe 9

Binti yetu alikuja na gari kumchukua mama yake. Akakuta mama yake ananihamisha viti. Akalia, akacheka, akala, akaondoka peke yake.

Tumekwenda sokoni upande mpya. Miguu haijazoea, tumegongana mara nne na kuangusha nyanya. Tumesugua buluu yote kwa sabuni, masikio yote mawili, langu na lake. Redio inaimba chini chini. Mlio bado upo. Kushoto kwangu alichambua mchele, na alikuwa anaimba! Wimbo umebadilika, sauti ni ile ile. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi la mchele.

Jumatatu, tarehe 10

Nimekaa nimepiga hesabu. Wiki moja ya zinki, na namsikia mke wangu. Kwa hiyo zinki inafanya kazi! Mambo ya viti yametokea tu wakati mmoja. Muuguzi yule bado kijana, atajifunza.

Na leo sabuni imekuja na kipande kingine cha gazeti. Madini ya magnesi! Mwisho umechanika, lakini mwanzo unatia moyo. Nimenunua kichupa asubuhi hii. Cha siri, safari hii siri kweli: kiatu cha kushoto. Na kwa ajili ya shemeji, nimepaka buluu chini ya kifuniko.

Mwenzangu yuko mlangoni amevaa viatu vya kutembelea. Anavuta ndewe mara mbili. Naja, naja.

Ndewe yake ina buluu mbichi. Shemeji huyu! Sasa anamchafua mpaka dada yake.